Deni Lililofutwa na Deni Linalodaiwa



*Mimi ni mama wa watoto watatu, Mlutheri wa kuzaliwa. Nilipokuwa na miaka 22 nilipata mimba kabla ya ndoa. Nilitengwa, nikazuiwa kushiriki Chakula cha Bwana. Mtoto alipofikisha miezi minne nilisimama mbele ya madhabahu, mtoto mgongoni, nikatubu mbele ya usharika wote, nikarudishwa kundini. Kijana aliyenipa mimba alikuwa amekaa na wenzake wa besi kwenye kwaya. Yeye hakuitwa.*

*Tangu siku ile sijapumzika. Nipo kwaya ya akina mama, nipo kamati ya mavuno, ni mhazini wa jumuiya yetu, na ahadi yangu ya matoleo kanisani huwa naimaliza kabla ya Juni. Mwaka huu mume wangu amelazwa mara mbili na ahadi imenishinda. Tangu Juni siendi mezani kwa Bwana, najiona sistahili. Naogopa nikifa leo Mungu atanionyesha ile bahasha ya ahadi ikiwa tupu.*

*Halafu kuna mdogo wangu. Mwaka jana aliokoka kwenye mkutano wa injili. Kabla ya hapo alikopa shilingi 600,000 kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa, mimi nikiwa mdhamini wake. Amelipa 150,000 tu. Nikimdai ananijibu kwamba ya kale yamepita, Yesu alimaliza yote msalabani, na kwamba mimi ni mtu wa dini niliyefungwa na sheria. Kikoba kinavunjwa Desemba, na wenzangu wameshasema zitakazokatwa ni hisa zangu. Yeye analala usingizi, Mama. Mimi ndiye nisiyelala.*

*Binti yangu, yule niliyesimama naye mgongoni, yuko darasa la kipaimara. Juzi ameniuliza: "Mama, kama tunaokolewa kwa neema, mbona wewe unaogopa hivyo?" Nilikosa jibu. Niambie, kati yangu na mdogo wangu, nani ameokoka?*

*Mdhamini, Moshi*



Swali lako la mwisho sitalijibu kama ulivyoliuliza. Orodha ya waliookoka haitunzwi mezani kwangu, na kila aliyejaribu kuitunza ameishia kuwaandika rafiki zake. Ninachokiona katika barua yako ni kingine. Mmezaliwa tumbo moja, mmoja wenu anahangaika kulipa deni lililofutwa zamani, na mwingine anakataa kulipa deni analodaiwa leo. Wewe ni mhazini, unajua fujo inayotokea fedha za mfuko huu zikiandikwa kwenye kitabu cha mfuko ule. Hapo ndipo mlipokosea wote wawili. Tuanze na kitabu chako.

Marudi yana mwisho

Ulipotengwa, kanisa lilikuweka chini ya marudi. Kazi ya marudi ni kumrudisha mtu, na akisharudi yamekwisha. Korintho palikuwa na mtu aliyeadhibiwa na waumini wenzake. Soma 2 Wakorintho 2, mstari wa 6 hadi wa 8, uone Paulo alivyowaandikia: adhabu aliyopata imetosha, sasa wamsamehe, wamfariji na kumhakikishia upendo wao, asije akamezwa na huzuni. Mwanangu, wewe umemezwa. Umemezwa miaka yote hii, tena ukiwa ndani ya joho la kwaya, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mchungaji alipokutangazia msamaha siku ile hakukufungulia mkopo. Hakusema umesamehewa ilimradi uimbe, upokee kuku na ndizi za mavuno, usimamie mnada baada ya ibada, na bahasha isichelewe. Alitangaza kwamba umesamehewa kwa ajili ya Kristo, basi. Masharti uliyoyabeba uliyaongeza mwenyewe, ukiwa njiani kurudi nyumbani.

Na sikulaumu, kwa sababu ya yule kijana wa besi. Katika Yohana 8 waliletwa watu gani mbele ya Yesu? Mwanamke peke yake. Waliomleta walisema amefumaniwa akizini, na hakuna azinaye peke yake. Sheria waliyokuwa wakiitegemea, Walawi 20:10, iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Usharika unaomsimamisha msichana na kumwacha mvulana aendelee kuimba unarudia kosa lile lile, na wako wanawake wengi watakaosoma barua yako wakadhani wameiandika wao. Nadhani ndipo hofu yako ilipoanzia. Siku ile ulijifunza kwamba wapo wanaolipa na wapo wasioguswa, ukahitimisha kwamba na Mungu ndivyo alivyo.

Sivyo alivyo. Yesu alimwambia yule mwanamke asitende dhambi tena. Utii ulikuwepo na hakuupunguza hata kidogo. Ila angalia kipi kilitangulia. Kwanza alimwambia hamhukumu, ndipo akamwambia aende akaishi maisha mengine. Ungegeuza maneno hayo, ukatanguliza masharti na kuweka msamaha mwisho, yule mama angekuwa anatetemeka mpaka leo.

Utaratibu huo huo uko Waefeso 2. Mstari wa 8 na wa 9 uliukariri ukiwa darasa la kipaimara: tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu, na matendo hayahusiki, mtu asije akajisifu. Wengi hufunga Biblia hapo. Mstari wa 10 unaendelea kusema kwamba tumeumbwa katika Kristo ili tutende mema ambayo Mungu alitangulia kuyatayarisha. Kwa hiyo matendo mema yapo, tena yametayarishwa na Mungu mwenyewe, lakini yamewekwa baada ya wokovu. Mdogo wako anaishia mstari wa 9. Wewe unauanza mstari wa 10 kabla ya wa 8.

Na usidhani hili ni la Walutheri peke yetu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Baada ya karibu miaka 500 ya kulaumiana, walikiri kwa pamoja kwamba Mungu anatupokea kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo na wala si kwa stahili yetu, na kwamba Roho tunayempokea ndiye anayetuita na kututayarisha kwa matendo mema. Wamethodisti waliunga mkono mwaka 2006. Waliochomeana vitabu wamepatana juu ya jambo hili, nawe bado hujapatana nalo!

Ibrahimu mmoja, siku mbili

Najua utaniuliza, mbona Yakobo anasema imani bila matendo imekufa? Ni swali zuri, na lilimsumbua Martin Luther mwenyewe. Mwaka 1522, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, aliulinganisha waraka wa Yakobo na majani makavu. Lakini mwaka huo huo, katika utangulizi wake wa Waraka kwa Warumi, aliandika kwamba imani ya kweli ina uhai na shughuli nyingi, haiwezi kukaa bila kutenda mema.

Paulo na Yakobo wote wanamwita shahidi mmoja, Ibrahimu. Tofauti ni siku wanayoitazama. Paulo, katika Warumi 4, anatazama Mwanzo 15: mzee asiye na mtoto anaonyeshwa nyota, anaambiwa uzao wake utakuwa hivyo, anaamini, na imani hiyo inahesabiwa kuwa haki. Hajatahiriwa. Baadaye alimzaa Ishmaeli akiwa na miaka 86, na akatahiriwa akiwa na 99. Kwa hiyo alikuwa ameshakubaliwa na Mungu zaidi ya miaka 13 kabla ya kubeba alama yoyote mwilini. Yakobo naye anatazama Mwanzo 22, Isaka akiwa kijana wa kuweza kubeba kuni, na baba ameshika kisu. Siku ya kwanza Ibrahimu alipokea. Siku ya pili ikaonekana wazi kwamba kweli alikuwa amepokea.

Paulo anasema na watu wanaotaka kuongeza kitu juu ya kazi ya Kristo, watu kama wewe. Yakobo anasema na watu wanaomwona ndugu yao hana nguo wala chakula, wakamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Huyo anaongea na mdogo wako.

Ya kale yamepita, lakini si deni

Sasa kitabu cha mdogo wako. Msifu Mungu kwamba ameokoka, na umwambie hivyo kwa kinywa chako kabla ya kumwambia neno lingine. Halafu mfungulie Luka 19.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri, na utajiri wenyewe ulikuwa na machozi ya watu ndani yake. Yesu alimwita akiwa juu ya mkuyu na kuingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Hiyo ndiyo neema, na ilimkuta bila sharti. Lakini alipokwisha kupokelewa alisimama akasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mwenye kuungama arudishe kamili na kuongeza sehemu moja ya tano. Zakayo alijipangia mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 ilimpa aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Hakuna aliyemsukuma. Hapo ndipo Yesu aliposema wokovu umefika katika nyumba ile. Zakayo hakuwaambia watu wa Yeriko kwamba ya kale yamepita.

Mstari anaoutumia ndugu yako ni 2 Wakorintho 5:17, na ni mstari mtamu. Mwombe asome na ule unaoufuata: Mungu ametupatanisha naye, akatupa sisi huduma ya upatanisho. Mtu aliyepewa huduma hiyo ataianzia wapi, kama si kwa dada yake asiyelala? Na kama anapenda Zaburi, amtafute mwenye kukopa asilipe katika Zaburi 37:21, aone anaitwa nani pale. Sitalitamka mimi.

Anasema wewe ni mtu wa dini na yeye ni mlokole. Basi ajue na historia ya hao walokole. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Watu walikuwa wakilia chini ya msalaba na kuimba kwamba damu ya Yesu imewasafisha, na kesho yake walionekana barabarani wakirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana. Majirani ambao hawakuelewa neno la mahubiri walielewa jembe lililorudishwa. Ulokole wa kukwepa kikoba hao wazee hawakuujua.

Paulo anamwandikia Tito, sura ya 2, mstari wa 11 na wa 12, kwamba neema inayookoa ndiyo hiyo hiyo inayotufundisha kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi na haki. Kama neema yake imemfundisha kuimba na kunena, lakini bado haijafika somo la kulipa, bado yuko darasani, na ndivyo utakavyomchukulia. Mwaka 1937 mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, alichapisha kitabu juu ya kumfuata Kristo, akawaonya Wakristo wenzake juu ya neema ya bei rahisi, ile inayopokelewa bila mtu kuacha njia yake wala kumfuata Bwana. Aliyaandika hayo wakati wengi kanisani walikuwa wakiusifu utawala wa Hitler huku wakijiita wamesamehewa. Yeye alinyongwa na utawala huo katika kambi ya Flossenbürg, Aprili 1945. Hakuamini kwamba utii wake ungemnunulia mbingu. Aliamini tu kwamba aliyemwokoa ana haki ya kumwamuru.

La kufanya wiki hii

Mithali ina ushauri kwa mdhamini, na haubembelezi. Sura ya 6 inaanza kwa kumwambia aliyemdhamini mwenzake ajinyenyekeze, aende akamsihi, asiyape macho yake usingizi mpaka ajinasue. Kwa hiyo kukosa kwako usingizi kuna Maandiko, ila kukesha huko kutumike kwenda kwake, kusiishie kitandani.

Nenda ukiwa peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Chukua daftari la kikoba. Usimwambie hajaokoka, hilo litawafikisha kwenye ubishi ambao hautawalipa hata shilingi. Mwambie zimebaki 450,000, Desemba iko karibu, na mpange pamoja atatoa kiasi gani kila mwezi, hata kama ni kidogo, mkaandike na kutia saini. Akikataa, nenda tena na mtu wa tatu, na ningependa awe kiongozi wa ushirika anakosali. Mchungaji yeyote wa kweli atamwambia alipe. Na kama mwishowe itabidi hisa zako zikatwe, amua moyoni na umwambie waziwazi: hii ni zawadi, au hili ni deni lako kwangu. Ukilipa kimya kimya halafu ukanung'unika miaka kumi, utakuwa umemfungulia kitabu kingine cha madeni, na wewe mwenyewe umeonja uchungu wa kuishi ndani ya kitabu kama hicho.

Kuhusu ahadi, nenda kwa mchungaji wako au mzee wa mtaa umwambie: mume wangu amelazwa mara mbili, mwaka huu sitaimaliza. Sentensi moja inatosha. Ahadi ni shukrani, na mwenye kushukuru anaweza kusema mwaka huu nimepungukiwa. Mzee wa kanisa akinuna, hiyo ni shida yake na Mungu wake. Tena jumuiya ilipaswa kuja na unga na mchele nyumbani kwako mume alipolazwa. Kama hawakujua kwa sababu uliwaficha, waambie.

Kisha zitazame kazi zako. Chukua moja baada ya nyingine ujiulize: kama ningejua kwa hakika kwamba Mungu ananipenda vilevile nikiiacha, ningeendelea nayo? Ukiona moyo unasema ndiyo, endelea, hiyo ni mojawapo ya zile Mungu alizokutayarishia. Ukiona moyo unashusha pumzi, iache, mpe mwingine, ukamuuguze mume wako. Kumuuguza mgonjwa nyumbani nako ni utii, hata kama hakutangazwi kwenye matangazo ya Jumapili.

Na kama dhambi ile ya zamani bado inakurudia usiku, nenda kwa mchungaji kwa maungamo ya faragha. Yamo katika Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ingawa wengi wetu tumeyaacha kana kwamba ni ya Wakatoliki tu. Utasema mara moja, na utasikia ukitangaziwa msamaha. Ukitoka pale usiichimbue tena. Kumwomba Mungu akusamehe kila siku jambo aliloshakusamehe ni kumwambia hukumsikia.

Jibu la binti yako

Yule mtoto amekuuliza swali ambalo maaskofu wangejivunia. Usimjibu kwa maneno makubwa. Mwambie akusomee katika Katekisimu yake maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume. Atakusomea kwamba hakuna anayeweza kumwamini Yesu kwa akili wala nguvu zake mwenyewe, ila Roho Mtakatifu ndiye anayemwita kwa Injili na kumtunza katika imani. Mwambie: "Mwanangu, nilikuwa nimelisahau hili, nisaidie kulikumbuka." Halafu muache akuone umekaa kitini umepumzika, kwa sababu watoto hujifunza Mungu alivyo kwa kutazama nyuso za wazazi wao wanapomtaja.

Limebaki la mezani. Umeacha kwenda tangu Juni kwa kuwa hustahili, na bila shaka unafikiria 1 Wakorintho 11, wanaokula isivyostahili. Soma sura yote. Waliokemewa pale ni waliotangulia kula wakashiba na kulewa, huku maskini wa kanisa lile lile wakikaa na njaa na kuaibishwa. Paulo hakuwa akimfukuza mama aliyetumia fedha za ahadi kumnunulia mumewe dawa. Katekisimu hiyo hiyo ya binti yako inafundisha kwamba anayestahili hasa ni yule anayeamini kwamba mwili na damu ya Bwana vilitolewa kwa ajili yake, kwa ondoleo la dhambi. Haisemi chochote juu ya bahasha.

Kwa hiyo Jumapili ijayo ya Chakula cha Bwana, nenda mezani. Kama bahasha unayo, peleka. Kama huna, nenda bila bahasha.